Mbayuwayu Watatu

Nimezilaza mezani, raketi tatu, chapa moja,
kama watoto wa baba mmoja wasiosalimiana.
Kibanda changu kiko Mwanjelwa, nyuma ya wauza mitumba:
nashona viatu, nabadili nyuzi za raketi,
na mvua ya Mbeya ikishika, wateja wakikata,
hubaki na maswali yasiyo na malipo.

Ya kwanza aliileta Bwana Mwasomola,
karani wa saruji, mwaka wa themanini na nne,
akaiacha kwa baba, rehani ya soli mbili. Hakurudi.
Chuma kitupu, nzito kama neno la mkwe.
Mbayuwayu wake amechorwa kwa brashi,
mkia umegawanyika, jicho lina nukta.
Kuna mtu, sijui nchi gani,
alishika pumzi akaiweka ile nukta.

Ya pili niliinunua mwenyewe, elfu mbili na tatu,
kwa kiinua mgongo cha reli, walipotupunguza.
Dada zangu walinunua mabati.
Mimi nilinunua kaboni,
na kwa miaka miwili, ukumbini Sisimba,
kinyoya kiliondoka kabla mkono haujaamua.

Ya tatu ni ya Tuntufye.
Ameuza viazi vya likizo nzima, gunia kwa gunia,
kuipata. Jina lile lile.
Mbayuwayu ni karatasi ya kubandika,
bawa limeshaanza kunyanyuka,
na jicho hana.

Nikaazima mzani wa Kandonga, mnunua dhahabu wa Chunya.
Shingoni imeandikwa gramu themanini na tatu.
Mzani ukasema tisini na moja.
Kandonga akacheka hadi akashika ukuta:
“Dhahabu ingenenepa hivi njiani, mama Atupele,
mimi leo ningekuwa bungeni.”

Nikazigonga kwa kifundo cha kidole.
Ya chuma ikajibu *ngo*. Yangu ikajibu *ti*.
Ya Tuntufye ilikohoa:
ndani kuna punje ya gundi iliyokauka,
inatembea, inatafuta mlango.

Basi nikaandaa hotuba.
Nilikuwa nayo yote, tangu viwanda vilivyohama
hadi jina linalouzwa kama kiwanja, likabaki jina.
Nikafungua daftari la baba nipate ushahidi,
nikakuta mwandiko wake wa kulala:

*Mwasomola — nyuzi.*
*Mwasomola — nyuzi, tena.*
*Mwasomola — fremu imepinda. Nimenyoosha kwa goti.*
*Mwasomola — nyuzi. Nimemwambia acheze bao.*

Mara tisa, mwaka mmoja.
Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa naangalia ndege.

Nikaigeuza na yangu, nikaikwangua rangi kidogo pale kooni:
uzi wa kushonea viatu, gundi, mkono wangu mwenyewe.
Ilipasuka. Niliiziba. Nikapaka rangi,
kisha nikasahau, tena kwa bidii.

Tuntufye akaja ameloa, viatu kwenye mfuko wa rambo.
Tukaenda ukumbini, nikampa zote.
Ya chuma, dakika tano, akaanza kukanda kiwiko.
Yangu aliirudisha kwa adabu,
kama mtu anayerudisha sahani ya chakula kilichopoa.
Kisha akachukua yake, yenye kikohozi,
akaruka,
na kile kinyoya sikukiona. Nilikisikia nyuma yangu.

“Mama, ipi bora?”

Ningesema: hiyo yako itakatika shingo kabla ya Pasaka.
Ningesema: umeibiwa gramu nane.
Yote ni kweli, mzani upo.
Lakini alikuwa bado anahema, anacheka,
mvuke unamtoka mabegani kama chai.

Nikachukua kalamu ya wino, nikamwekea mbayuwayu jicho.
Mkono ulitetemeka, likawa kubwa.
“Sasa ni kunguru,” akasema.

Akalipa hela ya nyuzi, akasahau chenji,
akapandisha kuelekea Soweto kwenye ukungu,
akiitikisa kila hatua chache
asikie ile punje.